Dini, uraia na ruhusa ya kuingia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa Kigoma na Ujiji kuhusu maeneo matakatifu ya Kiislamu

Maswali haya ni yale yanayoulizwa zaidi na watu wa Ujiji, Mwanga, Gungu na vijiji vya mpakani kila msimu wa Hija unapokaribia. Majibu yanatenganisha makatazo matatu ambayo mazungumzo ya barazani huyachanganya. La kwanza ni la dini, nalo linahusu mahali. La pili ni la dola, nalo linahusu pasipoti. La tatu ni la msimu, nalo linahusu aina ya viza na kibali. Mtu anaweza kuvuka mawili akakwama kwenye moja, na kwa tunavyoona hapa kwetu, Mwislamu wa Kigoma ni nadra kuzuiwa kwa dini yake au kwa utaifa wake. Linalomrudisha ni karatasi. Taratibu za Saudia hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo jambo lolote lenye tarehe au faini lithibitishwe kabla fedha haijatolewa.

Kwa nini asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka?

Msingi wa katazo ni aya ya 28 ya Surat At-Tawba, inayoagiza kwamba washirikina wasiukaribie Msikiti Mtakatifu baada ya mwaka wao ule. Mwaka unaokusudiwa ni wa 9 Hijria, yaani 631 Miladia, Abu Bakr alipoongoza Hija kwa niaba ya Mtume, na Ali bin Abi Talib akatumwa kuwasomea watu tangazo hilo.

Wanavyuoni hawakuielewa aya hiyo kwa namna moja. Imam Abu Hanifa aliona kwamba asiye Mwislamu anaweza kuingia kama mpita njia, mradi asihiji wala asiweke makazi. Imam Malik alilipanua katazo hadi kwenye misikiti yote. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, alilifunga katazo kwenye eneo la Makka, akaiacha misikiti mingine iingiwe kwa idhini ya Waislamu wenyewe. Tofauti hizi zina thamani darasani, lakini hazimsaidii mtu aliyesimamishwa na askari barabarani, kwa sababu leo katazo la Makka ni sheria ya nchi na linatekelezwa na dola.

Katazo linaanzia kwenye mlango wa msikiti au kwenye mpaka wa mji?

Linaanzia kwenye mipaka ya Haram (eneo takatifu la Makka), ambayo ni ya kale kuliko mji wa sasa na haifanani pande zote. Upande wa Tan'im, ulipo Msikiti wa Aisha, mpaka uko karibu, takriban kilomita 7 kutoka Kaaba; upande wa barabara ya Jeddah, karibu na Hudaybiya, uko mbali zaidi. Mina na Muzdalifa zimo ndani ya Haram. Arafa, ambako hujaji asiposimama kwa wakati wake Hija yake haisihi, iko nje yake, jambo linalowashangaza hata mahujaji waliokwisha kwenda na kurudi.

Msafiri anayetoka Jeddah kwa gari huona vibao vikubwa juu ya barabara, kwa Kiarabu na Kiingereza, vinavyoelekeza njia ya mbele kwa Waislamu peke yao na njia ya kuchepukia kwa wengine, ambayo huuzunguka mji na kuelekea Taif. Baada ya vibao huja kituo cha ukaguzi. Askari huangalia pasipoti na viza, au kitambulisho cha ukaazi kwa wanaofanya kazi nchini humo, na siku za Hija huangalia pia kibali.

Na Madina je?

Madina nayo ina Haram yake, ambayo kwa mujibu wa hadithi iko kati ya mlima Ayr na mlima Thawr, lakini utekelezaji wake ni mwepesi kuliko wa Makka. Uwanja wa ndege uko nje ya mpaka huo, na asiye Mwislamu anaweza kutua hapo bila tatizo. Mwaka 2021 vibao vya barabarani vilivyosema kwamba njia ni ya Waislamu peke yao vilibadilishwa, vikaandikwa kwamba hapo ndipo mpaka wa Haram. Tangu hapo wageni wasio Waislamu wameonekana mjini, na Januari 2024 ujumbe wa serikali ya India, ulioongozwa na waziri asiye Mwislamu, ulifika Madina na kuutazama Msikiti wa Mtume kutoka nje. Ndani ya msikiti wenyewe, hata hivyo, ni Waislamu tu.

Mwislamu naye ana sharti lake Madina. Kuswali katika Rawdha, sehemu ya msikiti iliyo kati ya kaburi la Mtume na mimbari yake, hakufanyiki tena kwa kupanga foleni na kusukumana kama zamani. Unaomba nafasi kwenye programu ya simu iitwayo Nusuk, unapewa siku na saa, na ukichelewa nafasi imepita. Mzee asiyetumia simu ya kisasa amkabidhi kazi hiyo kiongozi wa msafara mapema, asisubiri kufika mlangoni.

Hakuna wasio Waislamu waliowahi kupenya Makka?

Wapo, na mmoja wao anatuhusu. Mwingereza Richard Burton aliingia Makka mwaka 1853 akiwa amejifanya Mwislamu, akijiita Abdullah na kujitia utabibu. Miaka michache baadaye alipita huku kwetu na mwenzake Speke: Novemba 1857 walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, wakakaribishwa na wafanyabiashara Waarabu wa Oman, na Februari 1858 wakafika Ujiji na kuliona Ziwa Tanganyika. Kabla yake alikuwapo Mtaliano Ludovico di Varthema mwaka 1503, na baada yake Mholanzi Snouck Hurgronje mwaka 1885.

Wanaosimulia habari hizi kama ushujaa wasisahau kwamba zama zimebadilika. Julai 2022 mwandishi wa habari wa televisheni ya Israel alijipenyeza Makka na kurusha picha zake. Polisi wa Saudia wakatangaza kumfikisha kwa mwendesha mashtaka raia wao aliyemsaidia kuingia. Kwa maneno mengine, anayembeba asiyeruhusiwa naye hubeba kosa. Kijana wa Kigoma anayeendesha gari Saudia, akiombwa na abiria ampitishe "kidogo tu", ana haki ya kukataa na anapaswa kukataa.

Pasipoti ya Tanzania haionyeshi dini. Watajuaje kwamba mimi ni Mwislamu?

Ni kweli, pasipoti yetu haina sehemu ya dini. Dini huulizwa kwenye fomu ya maombi ya viza, na mara nyingi jina hutosha kuondoa shaka. Shida huja pale jina lisipojieleza, na hapa Kigoma majina ya namna hiyo ni mengi. Mapacha wanaoitwa Bukuru na Butoyi wanaweza kuwa Waislamu kwa vizazi vitatu, lakini karani aliye Riyadh hana namna ya kujua.

Aliyesilimu akiwa na jina la ubatizo ndiye anayehitaji maandalizi zaidi. Utaratibu wa Saudia ni kudai hati ya kusilimu kutoka taasisi ya Kiislamu inayotambulika. Kwa hapa kwetu, anzia kwa imamu wa msikiti unaoswali, kisha ofisi ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) ya wilaya au ya mkoa, na uhakikishe kwamba jina lililo kwenye hati linafanana herufi kwa herufi na lile la kwenye pasipoti. Chukua mfano wa mtu ambaye pasipoti yake inasema Emmanuel na hati yake inasema Ismail: kila karatasi ni halali kwa upande wake, lakini zikiwekwa pamoja zinataja watu wawili. Hati inapaswa kuandika majina yote mawili na kueleza kwamba mwenye jina hili ndiye mwenye jina lile.

Dini haimlazimishi aliyesilimu kubadili jina, isipokuwa kama maana yake ni mbaya. Anayetaka kulibadili afanye hivyo kwa hati ya kisheria kabla ya kuomba pasipoti.

Shia na Ibadhi wanaruhusiwa kuhiji?

Wanaruhusiwa. Mashia kutoka Iran, Iraq, Lebanon na hata ndani ya Saudia huhiji kila mwaka, na Maibadhi wa Oman vilevile. Fomu huuliza kama mtu ni Mwislamu, haiulizi madhehebu.

Vipi kuhusu Waahmadiyya?

Hili huulizwa zaidi Tabora na Ujiji kuliko mahali pengi nchini, kwa sababu jumuiya ya Ahmadiyya ina historia ndefu katika miji hii. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria na alifariki mwaka 1964, alizaliwa Ujiji na alikuwa mhubiri wa jumuiya hiyo.

Waahmadiyya wanajihesabu kuwa Waislamu na Hija kwao ni nguzo kama ilivyo kwa wengine. Serikali ya Saudia haiwatambui hivyo. Aprili 1974 mkutano ulioitishwa Makka na Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, yaani Rabita, ulitamka kwamba wako nje ya Uislamu, na tangu hapo anayejulikana kuwa Mwahmadiyya hapewi viza ya Hija. Kabla ya hapo mambo hayakuwa magumu kiasi hicho: mwaka 1967 Muhammad Zafarullah Khan, Mwahmadiyya aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Pakistan na jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, alihiji akiwa mgeni wa Mfalme Faisal. Pakistan huandika dini ya raia wake kwenye pasipoti, ndiyo maana raia wake wa jumuiya hiyo hujulikana mapema. Tanzania haiandiki, na kwa hiyo hapa jambo hubaki kwenye tamko la mwombaji mwenyewe na barua ya taasisi inayomdhamini. Sisi hatuna mamlaka ya kumhukumu mtu imani yake. Tunaeleza tu kile atakachokutana nacho.

Kuna mataifa ambayo raia wake huzuiwa wasihiji?

Hakuna taifa lililozuiwa daima, lakini yapo yaliyozuiwa kwa muda, na sababu zake hazifanani.

Ya kwanza ni maradhi. Mwaka 2014 Saudia haikutoa viza za Hija kwa Guinea, Liberia na Sierra Leone kwa sababu ya Ebola. Mwaka 2019 ikasimamisha viza kwa watu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa sababu hiyo hiyo. Mfano huu wa pili sisi wa Kigoma hatuwezi kuusoma kama habari za mbali, kwa kuwa Kongo tunaiona ng'ambo ya ziwa hali ya hewa ikiwa safi, na boti za mizigo na abiria huvuka kila wiki. Mtanzania mwenye mihuri ya karibuni ya Kalemie au Uvira ajiandae kuulizwa alikokuwa pale panapotokea mlipuko upande ule, hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania. Wakati wa Uviko hali ilikuwa nzito zaidi: mwaka 2020 na 2021 hakuna hujaji yeyote kutoka nje aliyeruhusiwa, na mwaka 2022 waliruhusiwa mahujaji milioni moja kwa jumla, wa ndani na wa nje, wa chini ya umri wa miaka 65.

Ya pili ni siasa. Mwaka 2016 Wairani hawakuhiji baada ya uhusiano wa nchi hizo mbili kuvunjika.

Ya tatu ni mgawo, na huo haumzuii mtu kwa sababu ya utaifa wake bali humpanga kwenye zamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu zilikubaliana mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja. Ndiyo maana Mwindonesia anaweza kujiandikisha leo na kusubiri zaidi ya miaka 20. Tanzania haina foleni ya namna hiyo. Hapa anayekosa Hija kwa kawaida amekosa nauli, au amechelewa.

Nina hati ya dharura ninayotumia kwenda Burundi kupitia Manyovu. Inatosha kwa Umra, yaani hija ndogo?

Haitoshi. Hati hiyo ni ya safari za karibu ndani ya kanda yetu. Saudia inataka pasipoti kamili yenye uhai wa angalau miezi sita. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa mwaka 2018 inaombwa kupitia Uhamiaji, na mwombaji anahitaji kitambulisho cha taifa au namba yake, cheti chake cha kuzaliwa, na cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi.

Mwombaji wa mkoa wa mpakani ajiandae kuulizwa maswali zaidi kuhusu asili ya wazazi. Wengi hulichukulia swali hilo kama tusi, na tunaelewa ni kwa nini, lakini hasira mbele ya meza ya afisa haijawahi kuharakisha faili la mtu. Kinachosaidia ni nyaraka: cheti cha ubatizo au cha ndoa cha wazazi, kadi ya zamani ya chama, stakabadhi ya kodi ya marehemu babu, barua ya mtendaji wa kijiji. Anza mwaka mzima kabla ya Hija, usingoje Shaaban.

Mimi ni mmoja wa waliopewa uraia wa tajnisi. Nahesabiwa Mtanzania huko Saudia?

Ndiyo, bila tofauti yoyote. Wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka Burundi waliokuwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, walipewa uraia, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 walihusika. Mwenye cheti cha tajnisi huomba pasipoti ya Tanzania, na akishaipata yumo katika mgawo wa Tanzania. Asiandike uraia wa zamani kwenye fomu mahali panapoulizwa uraia wa sasa; kuna nafasi nyingine kwa ajili ya uraia wa awali, na hapo aandike ukweli.

Aliye katika kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu na bado ni mkimbizi yuko katika hali nyingine. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unatambua hati ya kusafiria ya mkimbizi, lakini Saudia haimo katika mkataba huo, kwa hiyo haiwajibiki kuipokea. Mtu wa namna hii aulize kwanza ofisi ya serikali kambini, na asitoe hata shilingi kwa anayemwahidi "pasipoti ya kuazima". Kusafiri kwa pasipoti ya mtu mwingine ni jinai pande zote mbili, na alama za vidole huchukuliwa.

Kwa walio na pasipoti mbili, jibu ni fupi: sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na kuingia Saudia kwa pasipoti moja na kutoka Dar es Salaam kwa nyingine ni kujitafutia maswali yasiyo na majibu mazuri.

Dalali ameniambia viza ya matembezi ni rahisi, na nikishafika nitahiji tu. Ni kweli?

Si kweli, na hili ndilo swali tunalotamani liulizwe kabla ya malipo badala ya baada yake. Tangu mwaka 2019 Saudia hutoa viza ya utalii, na Mwislamu mwenye viza hiyo anaweza kufanya Umra nje ya msimu wa Hija. Wepesi huo ndio ulioleta mkanganyiko. Hija ina viza yake, na juu ya viza kuna kibali. Wiki kadhaa kabla ya Hija mwenye viza ya matembezi, ya utalii au ya kibiashara hufungiwa njia ya kuingia Makka, na aliye na viza ya Umra hutakiwa awe ameshaondoka nchini kabla ya tarehe iliyowekwa.

Kwa msimu wa mwaka 2025 faini ya kuhiji bila kibali ilikuwa hadi riyali 20,000, pamoja na kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi kwa miaka 10. Anayemsafirisha au kumficha asiye na kibali alitajiwa faini ya hadi riyali 100,000. Lakini faini si hatari kubwa kuliko zote. Hija ya mwaka 2024 ilikutana na joto lililopita nyuzi 50, watu zaidi ya 1,300 wakafariki, na serikali ya Saudia ikasema asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali. Sababu si ya ajabu: asiye na kibali hana hema lenye kipoza hewa Mina, hana nafasi kwenye basi, na huogopa kwenda kwenye kituo cha afya asikamatwe, hivyo hutembea kwa miguu juani kati ya Mina, Arafa na Muzdalifa mpaka nguvu zimwishie.

Unapokabidhiwa viza, usianze kusoma jina lako. Soma kwanza mstari wa aina ya viza. Kama haujataja Hija, basi si ya Hija, hata kama dalali ni jirani yako na anaswali safu ya mbele. Kwa Tanzania Bara viza za Hija hupitia taasisi za Hija zinazotambuliwa. Omba kuona usajili wao, mkataba wa maandishi na stakabadhi kwa kila malipo. Aliyeuza shamba la michikichi kwa ajili ya safari hii ana haki ya kuona karatasi.

Mwanamke anaweza kwenda bila maharimu (mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa)?

Kwa upande wa dola, anaweza. Zamani aliye chini ya miaka 45 alilazimika kuwa na maharimu, na aliyezidi umri huo alisafiri na kundi akiwa na barua ya ridhaa. Mwaka 2022 waziri wa Hija wa Saudia alitangaza kwamba maharimu si sharti tena. Kwa upande wa fiqhi, yaani sheria ya dini, madhehebu ya Shafi tangu zamani yanamruhusu mwanamke kutekeleza Hija ya faradhi akiwa na wanawake waaminifu. Baadhi ya misafara ya hapa nchini bado huomba barua ya mume au mlezi. Huo ni utaratibu wa msafara, nayo ni haki yako kuuliza kabla ya kujiandikisha.

Chanjo nazo ni sharti la kuingia?

Ni sharti. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, ACWY, hutakiwa iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti cha homa ya manjano, tangu mwaka 2016, hutambuliwa kimataifa kwa maisha yote ya mwenye nacho, kwa hiyo mwenye cheti cha zamani asikubali kuambiwa kimekwisha kwa sababu tu ya miaka 10. Kilichochakaa mpaka hakisomeki ni jambo jingine.

Nataka kuzuru Al-Aqsa. Nani anaruhusiwa kuingia?

Jerusalem kuna funguo mbili. Uwanja wa Al-Haram Al-Sharif, ulipo Msikiti wa Al-Aqsa, unaendeshwa na Wakfu wa Kiislamu ulio chini ya Jordan, lakini milango inalindwa na polisi wa Israel. Mwislamu anaweza kuingia kwa milango mingi, na mgeni ambaye sura au pasipoti yake haimtambulishi huweza kuombwa asome Al-Fatiha mlangoni. Asichukizwe, asome tu.

Asiye Mwislamu huingia kwa mlango mmoja, wa Maghariba, kwa saa zilizopangwa kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, na haruhusiwi kuingia ndani ya Kuba la Mwamba wala ndani ya msikiti wa Qibli. Mkristo wa Kigoma anayekwenda na msafara wa kanisa ajue kwamba Ijumaa na Jumamosi mlango huo hufungwa, na hali ya usalama ikiharibika hufungwa siku yoyote.

Hebron, ulipo Msikiti wa Ibrahimu, jengo limegawanywa baina ya Waislamu na Wayahudi tangu mauaji ya waumini ya mwaka 1994. Kila upande hupewa jengo zima kwa siku 10 za sikukuu zake katika mwaka.

Muhuri wa Israel utanizuia kwingine?

Israel haigongi muhuri kwenye pasipoti siku hizi, hutoa kikaratasi. Hata hivyo, Mtanzania huhitaji viza ya Israel, na muhuri wa Jordan wa kwenye daraja la mpakani husema ulikotoka. Iran, Lebanon, Syria na Kuwait ni miongoni mwa nchi zinazoweza kumkatalia mwenye dalili hizo. Anayepanga Al-Aqsa na Mashhad ya Iran katika safari moja apange upya.

Miji mitakatifu ya Mashia, yaani Karbala na Najaf za Iraq na Mashhad ya Iran, ina katazo kama la Makka?

Haina katazo la namna hiyo. Asiye Mwislamu huingia miji hiyo kwa uhuru. Mashhad, kwenye kaburi la Imam Ridha, wageni wasio Waislamu hupokewa viwanjani na waongozaji, ila si karibu na kaburi. Wanawake wote, wa dini yoyote, hutakiwa kuvaa baibui au shuka la kufunika mwili.

Mimi ni Mkristo na nimepata kazi Jeddah. Nifahamu nini?

Dini yako itaandikwa kwenye kumbukumbu za kitambulisho chako cha ukaazi, na hicho ndicho kitakachoonyeshwa barabarani. Jeddah, Riyadh na Taif hakuna katazo la dini katika kuishi au kutembea. Mwajiri akikutuma kupeleka mzigo Makka, mwambie mapema kwamba huruhusiwi, na ikiwezekana umwandikie ujumbe ili ubaki na ushahidi. Kosa likitokea, anayeshikwa kizuizini ni dereva.

Nchi nyingine za Kiislamu huwazuia wageni misikitini?

Zinatofautiana. Morocco hufunga karibu misikiti yake yote kwa wasio Waislamu, isipokuwa michache kama ule wa Hassan II mjini Casablanca, unaopokea wageni kwa ziara za kuongozwa. Katika mji wa Moulay Idriss, hadi mwaka 2005, asiye Mwislamu hakuruhusiwa hata kulala. Uturuki hufungua misikiti yake nje ya nyakati za swala, na tangu Januari 2024 mgeni anayezuru Hagia Sophia hulipa euro 25 na hupandishwa ghorofani, huku sakafu ya chini ikiachiwa wanaoswali.

Wageni wasio Waislamu wanaokuja Ujiji wanaweza kuingia misikiti yetu?

Hakuna sheria inayowazuia, na fiqhi ya Shafi, kama tulivyoona, inaliacha jambo hili kwa idhini ya Waislamu wa mahali. Wageni wanaotoka kwenye kumbukumbu ya Livingstone mara nyingi hutaka kuona na msikiti. Mwongozaji amtafute kwanza imamu au mjumbe wa kamati ya msikiti, asiwapeleke saa ya swala wala Ijumaa mchana, wavue viatu, wanawake wajitande, na picha zipigwe kwa ruhusa. Kamati ikisema hapana, mwongozaji asiwaingize kwa mlango wa nyuma.